Nyumba ya Bi Turkiya Haionekani

18 Machi

Mvua imeanza alfajiri na haijapumzika. Leo nimegundua jambo lililonitisha kidogo: tangu juzi sauti yangu nimeitumia mara moja tu, kumwambia muuza mkaa kwamba bado ninao. Mwezi wenyewe ni wa Ramadhani. Watu wanafuturu pamoja uwani na mabarazani, mimi nafuturu na kompyuta. Ndiyo maana nimeanza kuandika humu. Siku zangu zisemwe na mtu, hata kama mtu huyo ni mimi.

Mwaka jana niliachika Dar es Salaam, nikarudi Tanga na kupanga chumba hapa Nguvumali. Mama hayupo tena duniani. Kaka yangu Nasri yuko Mombasa, hupiga simu anapokumbuka. Kazi yangu ni kutengeneza na kurekebisha tovuti za watu, na uzuri wake, au ubaya wake, ni kwamba waweza kuifanya mwezi mzima usionane na mtu.

Jioni Mboni, jirani wa chumba cha pili, mwanamke wa maneno mengi, aligonga mlango. "Wee Najat, si wewe unayefanya mambo ya mtandao? Bibi ninayemfanyia kazi ana nyumba ya wageni kule Chumbageni. Ana tovuti, lakini anasema haionekani. Nenda ukamwone." Nikakubali ili aondoke.

20 Machi

Nyumba ni ya ghorofa moja, kuta nene, milango mizito ya mbao. Juu kuna vyumba sita vya wageni, vyote vimetandikwa, vyote vitupu. Mwenyewe anaitwa Bi Turkiya. Ni mjane, amepita sabini, mrefu, Mwarabu aliyezaliwa hapahapa Tanga na wazazi waliozaliwa hapahapa.

"Shikamoo, Bi Turkiya."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye fundi? Mimi nilitazamia mwanamume mwenye ndevu."

Alinipa simu yake nijionee. Nikaandika jina la nyumba: Nyumba ya Humaid. Humaid ni marehemu mumewe. Zikaja nyumba za Unguja, zikaja hoteli za Pangani, akaja hata fundi viatu mmoja wa Mombasa. Yake haikuja.

"Unaona?" alisema. "Mlango ninao, vitanda ninavyo, lakini nikijitafuta sipo."

Tovuti yenyewe ni nzuri. Ilitengenezwa na fundi wa Dar aliyetafutwa na binti yake Bayan, anayeishi Maskati. Nikakuta kurasa zote hazina vichwa wala maelezo, yale maneno machache ambayo mtu hayaoni ndani ya ukurasa ila huyaona pale Google inapomletea majibu. Nikadhani ugonjwa nimeshaupata. Nikamwambia nitamwandikia ukurasa mmoja mmoja.

"Basi njoo ufuturu hapa," alisema. "Maneno ya nyumba yangu huwezi kuyaandikia Nguvumali."

22 Machi

Futari ya kwanza mwaka huu niliyokula na mtu. Mihogo ya nazi, tambi, kaimati. Uji ulitiwa chumvi mahali pa sukari. Mboni alinikonyeza, nikaunywa wote.

Baada ya kuswali tulikaa mezani na kompyuta. Nikamsomea maelezo ya ukurasa wa kwanza: "Vyumba safi Tanga mjini, kifungua kinywa, karibu na bahari."

"Hiyo nyumba ya nani?" aliuliza.

"Yako, Bi Turkiya."

"Hiyo ni ya yeyote. Huyo mtu anayetafuta mahali pa kulala, yeye anaandika nini kwenye simu?"

Nikamwambia inategemea. Mwingine huandika nyumba ya wageni Tanga, mwingine chumba tulivu Chumbageni.

"Tulivu!" Alicheka hadi akashika meza. "Liweke hilo. Utulivu ninao hata wa kumgawia jirani."

Kisha akanisimulia habari ya mgeni wake wa kwanza, mhandisi wa reli aliyeingia ametota mvua, akaomba chumba cha siku moja, akakaa hadi akaoa binti wa jirani. Nikarudi nyumbani nikicheka peke yangu njiani.

26 Machi

Mvua. Kurasa mbili. Habari ya mhandisi wa reli tena.

31 Machi

Idi. Nasri alipiga, tukasemezana kidogo, mtandao ukakata, hakupiga tena. Nilipika pilau ya mtu mmoja, ikabaki. Alasiri nilikwenda kwa Bi Turkiya kumpa mkono wa Idi. Alinikumbatia, akaniambia nimekonda.

5 Aprili

Kazi ya vichwa na maelezo imekwisha, ila naendelea kwenda. Nasema nabadilisha neno hapa na pale. Yeye hukaa nami, huleta kahawa, hunipinga. Nikiandika "starehe" anasema starehe ni ya baa. Nikiandika "ya kifamilia" anauliza familia gani. Nadhani hatutaki kumaliza, si yeye wala mimi. Leo kasimulia tena habari ya mgeni wa kwanza. Safari hii alikuwa daktari.

Nimetafuta nyumba kwenye simu. Bado haipo.

10 Aprili

Nimepata aibu ya kazi yangu. Leo ndipo nilipofungua msimbo wa tovuti yenyewe, maandishi ya ndani yanayoiendesha, kitu ambacho fundi hufanya siku ya kwanza. Pale juu kabisa kuna mstari wenye neno moja, noindex. Maana yake ni kuiambia mitambo ya kutafuta: msiuonyeshe ukurasa huu kwa mtu yeyote. Uko kwenye kila ukurasa. Maneno yote tuliyobishana nayo wiki tatu nzima yalikuwa yanasemwa ndani ya chumba kilichofungwa.

Mafundi huuweka mstari huo wakati tovuti inajengwa, kisha huuondoa. Nikasema yule wa Dar kasahau. Nimeuondoa.

14 Aprili

Imeonekana! Nimeandika "chumba tulivu Tanga", ikaja ya nne, na maneno yetu chini yake. Nilitoka mbio kwenye mvua bila mwavuli. Bi Turkiya alivaa miwani, akausoma mstari ule polepole kwa sauti, akausoma tena.

"Sasa nipo," alisema.

16 Aprili

Haipo. Nimefungua msimbo: mstari umerudi. Nimeuondoa.

18 Aprili

Umerudi tena. Tovuti haijisahihishi yenyewe. Kuna mtu anaingia baada yangu. Nimeuondoa.

19 Aprili

Simu ya namba ya Omani, mchana.

"Wewe ndiye Najat? Mimi ni Bayan, binti yake Bi Turkiya. Nimechoka kuurudisha mstari ule, dada. Nakuomba uuache."

"Kumbe wewe ndiye unayeificha nyumba ya mama yako?"

"Ndiyo, ni mimi."

Hakutafuta maneno ya kujifichia, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

"Mama anasahau," alisema. "Mwaka jana aliacha gesi wazi, Mboni ndiye aliyeikuta asubuhi. Nimemwomba afunge nyumba aje kwangu, anasema nimfunge yeye kwanza. Nikaona bora wageni wapungue wenyewe. Atachoka, atakubali. Masika yakiisha nakuja kumchukua."

"Umemwambia kwamba umemficha?"

"Nimwambie nini? Wewe una mama?"

"Hayupo."

"Basi niachie wangu."

Akakata. Nimekaa kitandani hadi adhana ya alasiri, nikitunga majibu ambayo sikuyatoa.

20 Aprili

Nilimkuta Mboni uwani akianika nguo chini ya varanda. Nikamuuliza kama ni yeye anayepeleka habari Maskati.

"Ni mimi," alisema. "Ulitaka nisubiri nyumba iungue?"

"Ungemwacha mtu mzima na nyumba yake."

"Najat, wewe unakwenda pale alasiri kunywa kahawa. Mimi niko pale asubuhi."

Nikaingia ndani nikafunga mlango.

Nimeuondoa mstari. Na nimebadilisha nywila ya kuingilia kwenye tovuti kwa kutumia barua pepe ya Bi Turkiya, ili Bayan asiingie tena. Nilijiambia nafanya kwa haki ya Bi Turkiya. Sasa nikiandika sina hakika hivyo. Akienda Maskati, mimi alasiri nitakwenda wapi?

24 Aprili

Ipo. Bayan kapiga, sikupokea.

27 Aprili

Wageni! Mzee Hosea na mkewe Yudith, walimu wastaafu kutoka Lushoto. Mzee amefanyiwa upasuaji wa jicho, na daktari anataka kumwona kila wiki, basi wakatafuta mahali pa kukaa pasipo na kelele. "Tuliandika chumba tulivu, tukakuona," mzee alimwambia Bi Turkiya, na bibi akanigeukia kama aliyepewa zawadi. Alipanda ngazi mwenyewe na mashuka. Nilimpa Mwalimu Yudith namba yangu, endapo kutakuwa na shida ya mtandao.

30 Aprili

Wageni wengine wawili, wa siku moja. Nyumba ina sauti za miguu juu. Bi Turkiya aliniita kwa jina la Bayan mara moja, akajisahihisha.

3 Mei

Nataka kuyaandika ya leo yote, kama yalivyokuwa.

Tangu adhuhuri mvua ilikuwa kubwa, mitaa imejaa maji, mchana una giza. Baada ya alasiri Mwalimu Yudith akanipigia. "Dada Najat, tuko nje ya mlango. Tumetoka hospitali. Mwenyeji wetu hataki kufungua."

Nikapanda bodaboda. Nilipofika nikawakuta chini ya upenu mwembamba wa mlangoni, Mzee Hosea amefungwa bandeji jichoni, mkewe kamwekea mtandio kichwani ili maji yasiifikie. Mlango umepigwa komeo kwa ndani. Mboni alikuwa ameshaondoka.

Nikabisha. "Bi Turkiya, ni mimi. Fungua, wageni wanatota."

Sauti yake ilitoka nyuma ya mlango, nyembamba, siijui. "Sina wageni. Nendeni. Mume wangu yuko juu, nitamwita."

"Bi Turkiya, ni Najat."

"Najat yupi?"

Nikasema Najat wa kompyuta. Najat wa Nguvumali. Najat aliyefuturu kwako. Kila nililolitaja alilijibu vilevile, "Simjui, nendeni," na kila mara sauti ilikuwa na woga zaidi. Nikazunguka hadi dirisha la jikoni. Kupitia nondo nilimwona amesimama katikati ya chumba, ameshika mwiko kwa mikono miwili, miguu peku. Alinitazama usoni kabisa. Hapakuwa na Najat mle machoni mwake. Aliona mtu tu, amelowa, anataka kuingia kwake.

Sijui nilisimama pale muda gani. Nakumbuka Mwalimu Yudith alinigusa bega akasema, "Hana mtoto, mama huyu?"

Nikampigia Bayan. Sikuwahi kupokea simu yake hata moja tangu nilipomfungia nje ya tovuti, nikadhani naye hatapokea. Alipokea mara moja. Nikamwambia kwa maneno machache. Hakunilaumu. Alisema, "Weka sauti juu, usogeze simu dirishani."

Nikaisogeza kwenye nondo. Bayan akaanza kusema na mama yake polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Hakumwambia afungue. Alimuuliza amepika nini. Alimuuliza kama mvua huko ni kubwa. Bi Turkiya akageuza kichwa.

"Bayan? Uko wapi?"

"Niko hapa, mama. Weka mwiko mezani. Vaa viatu, sakafu ina baridi."

Akaweka mwiko. Akavaa viatu. Sikujua mtu aweza kumjua mwenzake hivyo kutoka ng'ambo ya bahari, hata miguu yake kuwa peku.

"Kuna watu wametota mlangoni, mama. Ni wageni wako. Mzee anaumwa jicho."

"Masikini," alisema Bi Turkiya. "Mbona hawaingii?" Akatembea, akafungua komeo.

Kisha akawa yeye yuleyule. Aliwatafutia taulo, akamkemea Mzee Hosea kutoka na bandeji mvuani, akachemsha kahawa. Mimi nilikaa jikoni nikimwangalia asije akaacha moto. Chumvi kwenye uji, mhandisi aliyegeuka daktari: niliyaona yote nikayaita uzee mtamu, kwa sababu nilitaka mahali pa kwenda.

5 Mei

Wageni wamehamia kwa mtu wao mtaa wa Mabawa, kwa amani. Mwalimu Yudith alimbusu Bi Turkiya mkono.

Walipoondoka aliniita mezani. "Juzi nilifanya nini?"

Nikamwambia. Alisikiliza hadi mwisho, akinyoosha kitambaa cha meza.

"Nilijua kabla yenu nyote," alisema. "Mtu hajui lini anaondoka, lakini akirudi anajua alikuwa ameondoka. Naona sufuria imeungua, najua nilikuwa sipo."

Nikaona nisimwachie nusu. Nikamwambia ya mstari, kwamba Bayan aliificha nyumba, na kwamba mimi nilimfungia Bayan nje bila kumuuliza mtu. Alikasirika, akatukasirikia sote wawili.

"Yule ananizima kama taa, na wewe unaniwasha kama taa. Nani aliyekaa akaniuliza?"

Aliacha kunyoosha kitambaa, akanitazama.

"Basi niulize sasa."

"Unataka nini, Bi Turkiya?"

Alitazama ngazi za kwenda juu. "Nataka kuwa Tanga na nisimtishe mtu. Naona siwezi kupata vyote viwili."

6 Mei

Nimempa Bayan nywila mpya. Aliandika: "Ahsante kwa yale ya dirishani." Nimeisoma mara nyingi.

12 Mei

Mvua. Mstari wa kuficha umerudi, nami nimeuacha. Nalala kwa Bi Turkiya siku ambazo Mboni halali huko. Mboni ananiachia chakula kwenye bakuli lililofunikwa, na hatusemezani zaidi ya salamu.

21 Mei

Bayan amefika. Nilimtazamia mwanamke wa dhahabu na marashi. Ni mwembamba, amechoka, anafundisha watoto wadogo shuleni, ameomba likizo ya siku chache. Alipoingia, mama yake alimtambua mara moja akamwita kwa jina, na Bayan akaenda kusimama jikoni akiwa ametugeuzia mgongo. Tulikunywa chai wote watatu. Bi Turkiya alimwambia mbele yangu: "Nitakuja kwako. Lakini sitafichwa. Mtu akinitafuta anikute, asome kwamba nimefunga mwenyewe."

Bayan alisema, "Sawa, mama." Kisha akasema, "Nisamehe, mama," na Bi Turkiya akamwambia anywe chai isipoe.

26 Mei

Leo tumeandika maelezo ya mwisho. Nilimweleza kwamba Google haitoi nafasi kubwa, mistari miwili tu. Yeye alikuwa na mambo ya kujaza kitabu. Alitaka kuwataja wageni kwa majina. Alitaka kuwataja majirani. Bayan alikuwa akihesabu herufi na kucheka, mara ya kwanza namwona akicheka. Tukapunguza, tukapunguza, hadi yakabaki haya:

"Nyumba ya Humaid, Tanga, imefunga milango. Bi Turkiya anawashukuru wote waliolala hapa. Mwenye kupita Chumbageni na amwombee dua."

Nikauondoa ule mstari wa kuficha kwa mkono wangu, wao wakitazama. Bayan alisema hataurudisha. Nilimwamini.

29 Mei

Wameondoka asubuhi kwa gari la kwenda Dar kupanda ndege. Bi Turkiya alikuwa na siku njema, anajua kila kitu, na sijui kama hilo lilikuwa bora. Alimkumbatia Mboni muda mrefu. Mimi aliniambia, "Usikae na kompyuta kama mjane." Nikamwambia sawa. Gari lilipokata kona nikabaki barabarani nimeshika mwavuli ingawa mvua ilikuwa haipo.

30 Mei

Hakuna.

1 Juni

Nimeandika jina la nyumba kwenye simu. Ni ya kwanza. Maneno yake yapo, yote. Nimefunga simu.

4 Juni

Jua siku nzima. Matope ya uwani yamekauka yakapasuka. Nimemaliza tovuti ya duka la vitambaa, mwenye nalo nimewasiliana naye kwa ujumbe tu, wala sijui sauti yake.

Jioni nilimsikia Mboni akikuna nazi upande wa pili wa ukuta. Ameshakosa kazi kwa sababu ya yale yote, wala hajanipa neno moja baya. Nilisimama mlangoni mwangu, nikarudi ndani, nikatoka tena. Sikuwa na kitu cha kupeleka wala cha kuazima. Nikaenda mlangoni kwake.

"Hodi."

"Karibu. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nimekuja kukaa."

Mboni aliacha kukuna akanitazama kwa mshangao, mikono yake myeupe kwa nazi.

"Mwaka mzima uko hapo ukutani," alisema. "Nilidhani hutaki watu."

Nikamwambia hata mimi nilidhani hivyo. Akainuka kwenye mbuzi ya nazi, akanisukumia nusu iliyobaki, nikaketi nikakuna.